Tusimwache Mwenzetu Aketi Peke Yake

Miongoni mwa barua zinazomkosesha mtu usingizi ni ile ya mwajiri inayomwita mfanyakazi mbele ya kikao cha nidhamu. Mwenye kuipokea huisoma mara mbili, mara tatu, kisha huikunja na kuificha mfukoni. Hamwambii mwenzake kazini kwa kuona haya, wala nyumbani hasemi kwa kuogopa kuwatia watu hofu. Siku ikiwadia huingia chumbani peke yake, na upande wa pili wa meza huwakuta meneja, afisa utumishi na mwandishi wa muhtasari. Akitoka hakumbuki vizuri alichoulizwa wala alichojibu, na pengine amekwisha kutia saini karatasi asiyoisoma.

Ndugu wasomaji, mateso ya namna hii si ya lazima, na wala sheria haikuyataka. Hapa kwetu Tanzania, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inamtaka mwajiri awe na sababu ya haki ya kumwachisha mtu kazi, na pia afuate utaratibu wa haki. Kimoja bila ya kingine hakitoshi. Utaratibu wenyewe umefafanuliwa katika Kanuni za Utendaji Bora zilizotolewa mwaka 2007. Kanuni hizo zinasema kwamba mwajiri afanye kwanza uchunguzi; amjulishe mfanyakazi tuhuma zake kwa lugha anayoweza kuielewa; na ampe muda wa kutosha wa kujiandaa, ambao kwa kawaida usipungue saa 48. Tena zinasema kwamba mfanyakazi anayo haki ya kusaidiwa katika kikao hicho na mwakilishi wa chama cha wafanyakazi au na mfanyakazi mwenzake.

Wenzetu wa Kenya nao wanayo haki iliyo karibu na hiyo. Sheria yao ya Ajira ya mwaka 2007 inamtaka mwajiri, kabla ya kumwachisha mtu kazi kwa utovu wa nidhamu, amweleze sababu kwa lugha anayoifahamu, mbele ya mfanyakazi mwingine au mwakilishi wa chama aliyechaguliwa na mtuhumiwa mwenyewe.

Yafaa ieleweke vema kuwa sheria zote mbili zimetaja mfanyakazi mwenza au mwakilishi wa chama. Mjomba, jirani au imamu wa msikiti hawakutajwa, na mwajiri akiwazuia mlangoni tusishangae. Lakini hao wanayo kazi yao kabla ya siku ya kikao. Katika jamaa zetu wamo maafisa utumishi wastaafu, viongozi wa zamani wa matawi ya vyama na watu waliosomea sheria. Jioni moja ya kukaa na mwenye barua, wakaisoma pamoja na kupanga majibu, ni msaada mkubwa kuliko pole mia moja zitakazotolewa baada ya mtu kufukuzwa. Watumishi wa umma nao watazame sheria na kanuni zao za utumishi, maana taratibu zao zina njia zake.

Je, huyo anayeketi kando ya mtuhumiwa anafanya nini? Kwanza, anasikiliza. Mtu aliyeshikwa na hofu husikia nusu ya maneno, na mwenziwe humsikilizia nusu ya pili. Anaandika yanayosemwa, nani kayasema na saa ngapi, kwani mali bila daftari hupotea bila habari, na haki ni mali. Anamkumbusha hoja aliyoisahau na shahidi ambaye hajaitwa. Mtuhumiwa akianza kupandwa na hasira, mwenziwe huomba mapumziko mafupi, kwa sababu maneno makali yaliyosemwa kwa dakika moja yaweza kuwa kosa jipya zito kuliko lile la kwanza. Zaidi ya yote, kuwapo kwake kunawafanya wote waliomo chumbani wachunge maneno yao.

Naye mwenye kuitwa asibweteke kwa kuwa ana msaidizi. Aombe kwa maandishi, mapema, nakala za ushahidi utakaotumika. Amtaje mwenzake aliyemchagua, na kama huyo yuko zamu au safarini, aombe kikao kisogezwe. Aandike matukio kwa mpangilio wa tarehe. Ajue kwamba anaruhusiwa kuwauliza maswali mashahidi wa mwajiri na kuleta wa kwake. Ajue pia kwamba mwenyekiti wa kikao yampasa awe kiongozi asiyehusika na mambo yaliyozaa shauri hilo. Waswahili walikwisha kusema, kesi ya nyani hakimu ngedere. Msimamizi aliyegombana na mtu jana hawezi kuwa mwamuzi wake leo. Pingamizi hilo litolewe kwa adabu mwanzoni mwa kikao, na liandikwe. Wala asisuse, kwani asiyehudhuria bila sababu ya msingi huweza kuhukumiwa akiwa hayupo.

Na akionekana ana hatia, mlango haujafungwa. Kanuni zinamtaka mwajiri ampe nafasi ya kueleza mambo ya kumpunguzia adhabu kabla haijaamuliwa. Miaka aliyotumikia, mwenendo wake wa nyuma na hali yake binafsi ni mambo ya kuzingatiwa, na kosa la kwanza halimstahilishi mtu kufukuzwa isipokuwa liwe zito kiasi cha kuufanya uhusiano wa kazi usivumilike. Hapa ndipo wengi, kwa kukata tamaa, hunyamaza. Msaidizi mwema hamwachi mwenzake anyamaze.

Sasa tuseme lile linalotuuma. Sheria imempa mfanyakazi haki ya kuchagua mtu, lakini haimwezi kumpa mtu mwenye moyo. Anayeombwa hujibu, "Mimi nina watoto," au "Nikionekana na wewe nitaandamwa." Hofu hiyo hatuidharau, maana wako waajiri wanaoweka kinyongo. Lakini tutafakari: Ijumaa tunasimama safu moja, bega kwa bega, wala hatumwachi mtu akasimama peke yake nyuma ya safu. Iweje Jumatatu, mwenzetu akiitwa chumba cha meneja, kila mmoja ajifanye ana kazi nyingi? Akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki. Wala katika hili tusiulize mtuhumiwa anasali wapi au ni wa kabila gani. Anayedhulumiwa ni mfanyakazi mwenzetu, na zamu ya kesho haijulikani ni ya nani.

Hata hivyo, kumsindikiza mtu si kumfichia uovu. Kama ameiba, tusimsaidie kutunga uongo. Kama alikuja kazini amelewa, tusiape kwamba alikuwa mgonjwa. Anayeketi kando yake anasimamia kwamba asikilizwe, apimwe kwa ushahidi na apewe adhabu inayolingana na kosa. Mkosaji naye anayo haki hiyo. Msaidizi anayesema kweli hata pale inapomwumiza rafiki yake ndiye ambaye neno lake litaaminiwa pale litakapomwokoa.

Na wenye kuajiri, ambao wengi wao wamo humu humu misikitini mwetu, wenye maduka, mabasi, shule na viwanda, nao tunawausia. Kumkatalia mtu msaidizi hakumpi mwajiri nguvu. Kunaitia doa hukumu ambayo pengine ilikuwa ya haki. Mwenye ushahidi safi haogopi kiti cha pili upande wa pili wa meza.

Uamuzi ukitoka, mfanyakazi adai barua yenye sababu, na atumie rufaa ya ndani kama ipo. Asiporidhika na kuachishwa kwake, njia ni Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, na muda wa kufikisha shauri hilo ni siku 30 tangu kuachishwa au tangu mwajiri alipotoa uamuzi wake wa mwisho. Wengi wamepoteza haki iliyo wazi kwa sababu walikaa miezi nyumbani wakihesabu machungu, na huko mbele ya Tume ndiko mwajiri anapotakiwa kuthibitisha kwamba alimwachisha mtu kwa haki.

Basi kila jamaa ijiulize: Je, katika safu zetu yupo anayeibeba barua kama hiyo mfukoni leo? Tumtafute kabla saa 48 hazijaisha. Mwenyezi Mungu atujaalie tuwe watu wa kusimama na haki, iwe yetu au ya wenzetu. Amin.