BURE KWA TAJIRI, DENI KWA MFANYAKAZI

Ndugu wafanyakazi,

Mwezi uliopita ndugu yetu mmoja wa hapa Malindi alikwenda kupokea mshahara wake, akakuta umekatwa siku 3. Kazi yake ni kuhariri picha za harusi katika duka moja la mjini. Alipouliza sababu aliambiwa, "Kompyuta ililala siku 3, na wewe ndiwe uliyekuwa umeikalia." Hakuiangusha, hakuimwagia chai, wala hakuiacha dirishani mvua ikainyeshea. Alifika kazini Ijumaa asubuhi, akaiwasha, skrini ikabaki nyeusi. Hilo ndilo kosa lake lote.

Tumelichunguza jambo hili, na tuliyoyakuta ni haya. Wiki 2 kabla ya siku ile, tajiri mwenyewe alipakua draiva ya kadi ya picha kutoka intaneti akaitia kwa mkono wake, usiku, peke yake, asimwambie mtu. Ikafanya kazi, naye akaenda zake kifua mbele. Alhamisi jioni mashine ikapokea kiini kipya cha Linux, kama ilivyopangwa kupokea yenyewe. Ijumaa kiini kipya kikaamka, na draiva ile haikuwa na kipande cha kukifaa. Neno la siri la msimamizi analo tajiri peke yake, naye alikuwa safarini Nairobi, akarudi Jumatatu. Basi aliyetia draiva ni mmoja, aliyeficha neno la siri ni huyo huyo, na aliyekatwa mshahara ni mwingine.

Wako ndugu watakaosema kwamba haya ni mambo ya mafundi, hayana haja ya kupigwa chapa katika gazeti la chama. Sisi twasema yana haja. Hapa pwani yetu, tangu Mtwapa hadi Kilifi, Watamu, Malindi na Mambrui, kuna vijana wengi wanaopata riziki mbele ya kompyuta: wenye kuhariri picha, wenye kupiga chapa kadi na mabango, wenye kuwajazia watu fomu za serikali. Chombo cha kazi yao ni hicho. Mvuvi akinyamaza nani anamiliki ufunguo wa injini ya mashua, asishangae akiachwa ufuoni.

Kadi ya picha ni mtambo ndani ya mtambo. Haijui kusema na kiini cha Linux mpaka awepo mkalimani kati yao, na huyo ndiye draiva. Draiva nyingine zimo ndani ya kiini chenyewe: kiini kikibadilika, nazo hubadilika pamoja nacho, wala hakuna taabu. Nyingine ziko nje, na kipande chake huundwa kufuata kiini kimoja hasa. Kiini kikibadilika lazima kipande kiundwe upya. Draiva ikitiwa kwa njia ya ghala la Linux yenyewe, kazi hiyo hufanywa pamoja na apdeti. Ikitiwa kwa faili lililopakuliwa ovyo kutoka mlango wa kiwanda, mara nyingi haifanywi, na faili lile lile huwa limekwisha kuifungia nje draiva ya akiba. Hapo ndipo weusi wa skrini unapotoka. Hauna uchawi, wala hauhitaji mtu wa kulaumiwa aliyekaa kitini.

Sasa tufike kwenye neno lenyewe linalotuudhi. Tajiri wa duka lile, kama matajiri wengine wengi, husimama akasema: "Mimi nimeweka Linux kwa sababu ni ya bure." Bure kwa nani? Ni kweli hakulipa hata senti moja ya leseni. Lakini mtu wa kuitunza lazima awepo, na utunzaji ni kazi. Kusoma kabla ya kubonyeza ni kazi. Kungoja mashine ipakue vitu vyake kwa intaneti ya kwetu inayokwenda kwa kuchechemea ni kazi. Kuweka akiba ya picha katika diski ya pembeni kabla ya apdeti ni kazi. Mpaka leo kazi hizo hufanywa usiku, baada ya saa za kazi, na kijana asiyelipwa kwa ajili yake. Na zikiharibika, hulipa yeye. Fedha ambayo tajiri hakumpa mwenye leseni, ameichukua katika mfuko wa mfanyakazi wake.

Wala tusidanganyane kwamba dawa ni kurudi kwenye Windows. Windows 10 ilikomeshwa msaada wake tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 huzikataa kompyuta nyingi za mitumba zinazoteremshwa Kilindini, kwa kuwa hazina vifaa inavyovitaka. Kompyuta ile ile huchukua Linux ikaendelea kufanya kazi miaka mingine. Hatuna ugomvi na Linux. Ilianzishwa mwaka 1991 na Linus Torvalds, kijana aliyekuwa akisoma Helsinki, na tangu hapo imejengwa na maelfu ya watu, wengine wakilipwa, wengine wakijitolea. Ni mali ya wote kuliko mali nyingi zilizotajwa hivyo. Ugomvi wetu ni na yule anayechukua kazi ya wote kisha akaitumia kumbana mmoja.

Tuna neno pia juu ya viwanda vya kadi, maana tajiri si peke yake katika mchezo huu. Kiwanda kikificha namna kadi yake inavyofanya kazi, hakuna fundi wa nje awezaye kuitengenezea draiva iliyo kamili. Kampuni ya AMD ilianza kutoa maelezo ya kadi zake mwaka 2007, na tangu mwaka 2015 draiva yake mpya ya wazi imo ndani ya kiini. Kadi za Intel zilizomo ndani ya kompyuta za kawaida nazo zimekuwa na draiva ya wazi kwa miaka mingi. Nvidia ilikaa na mlango wake umefungwa. Watu wa kujitolea walilazimika kuzichungulia kadi zake na kubahatisha, wakatengeneza draiva iitwayo Nouveau, iliyoingia katika kiini mwaka 2010. Kisha zikaja kadi za miaka ya 2014 na kuendelea zilizotaka programu ya ndani yenye sahihi ya kiwanda, na wale mafundi wakashindwa kuziamuru zikimbie kwa kasi yake. Yaani umeinunua kadi kwa fedha yako, lakini inakwenda mwendo wa kobe mpaka uwe na karatasi ya mwenye kiwanda. Mwaka 2012 Torvalds mwenyewe aliitukana kampuni hiyo hadharani huko Finland, na hatutayarudia maneno yake hapa kwa kuwa gazeti hili huingia nyumbani mwa watu.

Haki isemwe: Mei 2022 Nvidia iliweka wazi maandishi ya kile kipande kinachokaa ndani ya kiini, kwa kadi za kizazi cha Turing na zilizofuata. Sehemu nyingine kubwa ya draiva ikabaki imefungwa. Na sisi huku hatununui kadi za jana. Kadi zinazofika madukani mwetu ni zile Ulaya na Arabuni wamekwisha kuzichoka. Hizo ndizo zinazoachwa njiani. Draiva ya tawi la 390, iliyohudumia kizazi cha Fermi, ilikoma mwaka 2022. Tawi la 470, lililohudumia kizazi cha Kepler, lilikoma mwaka 2024. Mwaka 2025 kampuni ilitangaza kwamba tawi la 580 ndilo la mwisho kwa vizazi vya Maxwell, Pascal na Volta. Kadi yenyewe haijafa. Feni yake yazunguka, picha yaitoa. Lakini siku kiini kipya kitakapoikataa draiva ya zamani, hakuna wa kuirekebisha, kwa sababu maandishi yako kabatini kwa mwenyewe.

Tajiri anayenunua kadi ya namna hiyo kwa kuwa ni rahisi, bila ya kumwuliza anayeitumia, amenunua mashaka ya kesho. Aulize kwanza. Kama kazi ni kujaza fomu na kupiga chapa barua, hakuna haja ya kadi ya pembeni hata moja. Iliyomo ndani ya kompyuta yatosha. Kama kazi ni kuchora kwa Blender au kuhariri harusi ya saa 6, hapo nguvu ya kadi yahitajika kweli, na Nouveau haitoshi. Basi itafutwe kadi ambayo tawi lake bado lahudumiwa, au yenye draiva ndani ya kiini.

Tulisema chama kimelichunguza jambo hili. Lazima tukiri kwamba katika kulichunguza tumejikuta nasi tuna lawama. Kompyuta ile ingeweza kuamka Ijumaa ile ile kwa dakika 2, bila ya neno la siri. Linux haitupi kiini cha zamani mara moja, hukiweka. Ukiwasha mashine, shikilia Shift, au katika mashine za sasa bonyeza Esc, yatoke maandishi ya kuchagua. Ingia mstari wenye maneno Advanced options, chagua kiini cha kabla ya hicho. Draiva iliyoundwa kwa kiini kile ingali pale, na picha hurudi. Ndugu yetu hakulijua hilo, kwa sababu hakuna aliyemfundisha, na sisi ni miongoni mwa wasiomfundisha. Tumefanya mikutano mingi ya kupiga makofi.

Basi haya yajulikane na kila mwanachama. Kabla ya kugusa chochote, andika amri lspci -k uone kadi ni ya nani na draiva gani inaitumikia. Katika Ubuntu na jamaa zake, tumia ubuntu-drivers list kuona zinazofaa, kisha sudo ubuntu-drivers install, na uliache faili la kupakua lilale huko liliko. Kama mashine ina ile kufuli ya kuwashia iitwayo Secure Boot, unaweza kuulizwa uweke neno la siri, na mashine ikiwaka tena hutokea skrini ya buluu inayongoja sekunde chache tu. Ndugu wengi huiona wakadhani ni hitilafu, wakaipita. Usiipite: chagua Enroll MOK, utie neno lile. Ukiipita, draiva itakataliwa kama msafiri asiye na cheti. Na apdeti ya kiini isifanywe Alhamisi wala Ijumaa, maana harusi za kwetu ziko mwisho wa wiki na bibi harusi hangoji draiva.

Sasa sheria. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007, kifungu cha 19, imeyataja makato ambayo mwajiri aweza kuyafanya. Juu ya mali iliyoharibika au kupotea, humruhusu kukata kiasi cha haki pale ambapo hasara imeletwa na mfanyakazi kwa kosa la makusudi. Makusudi, ndugu. Siku za kutokuja kazini pia zaweza kukatwa, kwa asiyekuja bila ruhusa wala sababu halali. Ndugu yetu alikuja siku zote 3, akaketi mbele ya skrini nyeusi tangu saa 2 asubuhi. Huko Gongoni mvua ikinyesha juu ya mashamba ya chumvi, je, wafanyakazi wa chumvi watalipa fidia ya mvua? Basi kiini kipya ni mvua, na draiva iliyotiwa kwa siri ni dari aliyoitoboa tajiri mwenyewe.

Twadai mambo haya, na hatuyadai kwa kunong'ona. Siku 3 za ndugu yetu zirudishwe kamili. Utunzaji wa mashine ufanywe katika saa za kazi na uhesabiwe kuwa kazi. Ukifanywa usiku, ulipwe kama kazi ya ziada. Neno la siri la msimamizi liandikwe, litiwe katika bahasha, na bahasha iwe dukani, si mfukoni mwa mtu aliye Nairobi. Kila mashine iwe na daftari la kuandikwa nani ametia nini, tarehe gani, saa ngapi. Na tajiri akitia kitu aandike jina lake kama wengine. Daftari la kurasa 96 si ghali kuliko siku moja ya mshahara wa kijana huyu.

Baadhi ya matajiri wamekwisha kutuambia kwamba wakibanwa hivi watafunga maduka. Tumeyasikia maneno hayo tangu zamani, kila mara mfanyakazi alipoomba kitu. Kununua bahasha na daftari hakujapata kufunga duka.

Barua ya madai imepelekwa dukani kwa mkono, na mwenye duka ametia sahihi kuipokea. Asipojibu kwa siku 14 tutaipeleka shauri hii ofisi ya kazi, na Malindi ina Mahakama ya Ajira na Mahusiano ya Kazi kama itahitajika. Akijibu, jibu lake tutalipiga chapa hapa neno kwa neno. Mafunzo ya kuamsha mashine kwa kiini cha zamani yatafanywa katika ofisi ya tawi Jumapili ya kwanza ya mwezi ujao, saa 4 asubuhi. Mwenye kompyuta iliyokufa skrini aje nayo.

Wenu katika kazi,
Kamati ya Tawi