Sufuria ya Mama Ntilie Haina Siri

Mgeni akishuka basi Singida, wenyeji wenyewe ndio wa kwanza kumwonya: "Usile kwa mama ntilie, utaumwa tumbo. Tafuta hoteli." Maneno haya yamerudiwa mpaka yanachukuliwa kuwa kweli. Si kweli, na yanawadhulumu wanawake wanaoulisha mji huu.

Nenda mchana karibu na soko la vitunguu la Misuna. Mama ameinama kwenye jiko la mkaa, amefunga turubai upande unakotoka upepo, maana upepo wa Singida ukipata upenyo ni vumbi na majivu mpaka kwenye sahani. Anakaanga vitunguu kwa mafuta ya alizeti yaliyokamuliwa hapahapa mkoani. Ugali wa mtama unasongwa mbele ya macho yako. Pembeni pana ndoo ya maji yenye koki na kipande cha sabuni. Anakupakulia, anamwagia mlenda, kisha anauliza, "Nikuongezee, mwanangu?" Kati yako na sufuria hakuna ukuta wala mlango. Nyama ikiwa imeharibika, utainusa kabla hujakaa kwenye benchi.

Tena mama huyu hana friji, kwa hiyo anapika cha kuisha leo. Ikifika saa tisa alasiri, sufuria ya wali imebaki ukoko, nao una wateja wake. Mimi niliwahi kulazwa siku mbili baada ya kula wali wa hoteli yenye vitambaa mezani. Kila ndugu aliyekuja kuniona aliuliza swali lilelile: "Ulikula kwa mama ntilie?"

Wavietnamu wanakula pho, supu yao ya tambi za mchele, kwenye vigoda vya plastiki kando ya barabara, na wanajivunia. Mei 2016, Rais Barack Obama alikaa kwenye kigoda cha namna hiyo mjini Hanoi pamoja na mpishi Anthony Bourdain, wakala bun cha, yaani tambi na nyama ya nguruwe ya kuchoma. Bili yao ilikuwa dola 6. Wenye mgahawa waliihifadhi meza ile ndani ya kioo. Sisi mgeni wa heshima tunamficha asiione hata benchi ya mama.

Wapo watakaotaja kipindupindu. Kipo, na kinaua. Lakini kinaletwa na maji machafu na ukosefu wa vyoo, hakiletwi na bei ndogo. Mama anayenunua maji kwa ndoo hakuchagua uchafu. Desemba 2018, Rais Magufuli alipotoa vitambulisho vya wajasiriamali wadogo kwa shilingi 20,000, mama ntilie nao walivilipia. Walipe, halafu kila ugonjwa ukitangazwa wawe wa kwanza kufukuzwa? Wawekewe bomba, choo, mtaro na paa pale pale wanapopikia, karibu na wabeba magunia na abiria wanaowategemea kila siku.