Mchezo Huachiliwa, Pendo Hufungwa

Watu wengi wa nchi yetu, waliosoma na wasiosoma, hukubaliana katika neno moja juu ya wanaume wapendao wanaume: kwamba hawapendani. Hao, husemwa, wanachezeana tu. Leo huyu, kesho yule. Hapana nyumba, hapana ahadi, hapana huzuni ya kweli mmoja aondokapo. Neno hili husemwa hata na wale wasio na chuki kubwa, nao hulisema kwa kicheko, kama mtu asemaye kuwa jogoo hatagi. Nataka kulipinga. Silipingi kwa kudai kuwa mchezo haumo. Umo, na ni mwingi. Nalipinga kwa kuwa hao wanaolisema ndio walioufanya mchezo uwe njia pekee yenye nafuu, kisha wakageuka kuwashitaki wenzao kwa kuifuata. Katika nchi zetu mchezo aghalabu huachiliwa. Kinachofungwa ni pendo, na hufungwa hasa siku linapotajwa.

Ushahidi wangu mwingi nitautoa upande mmoja wa nchi, yaani Tunduma na Mkoa wa Songwe, ule uliokatwa kutoka Mbeya mwaka 2016, pamoja na majirani wake. Sisemi kuwa huko mambo haya yamezidi kuliko kwingine. Nimepachagua kwa sababu mpakani watu hukaa wakingoja, na penye kungoja mambo hukua.

Kwanza yafaa tuondoe hoja ya ugeni, maana hutupwa mbele ya kila mjadala kama gogo njiani. Monica Wilson alichapisha mwaka 1951 kitabu chake Good Company, juu ya vijiji vya rika vya Wanyakyusa, majirani na ndugu wa Wandali wa Ileje. Vijana wanaume wa rika moja walijenga kijiji chao wenyewe, wakalala pamoja, wakala pamoja, na wengi wao walichelewa sana kuoa kwa kuwa ng'ombe wa mahari walikuwa mikononi mwa baba zao. Katika kitabu hicho mambo ya mwili kati ya vijana wasiooa hayakufichwa. Yalitajwa, na yalihesabiwa kuwa mchezo wa ujana upitao. Msomaji na aitazame vizuri hukumu hiyo. Haikusema kuwa jambo halipo, wala kuwa limeletwa na Mzungu. Ilisema kuwa ni mchezo, na ya kuwa mtu mzima huuacha. Ruhusa ilitolewa kwa sharti kwamba kitu kile kisikue. Basi hii ndiyo ada yetu ya kale hasa, nasi tunaifuata mpaka leo pasipo kuitambua: kijana na acheze, mradi asipende.

Tuje Tunduma. Mji huu hauna haja ya kusifiwa. Ni mji wa vumbi, wa kelele, wa wabadili fedha wenye vibunda vya kwacha mkononi, na wa foleni ya malori ambayo kituo cha pamoja cha forodha kilichofunguliwa mwaka 2019 kilikusudiwa kuipunguza. Ng'ambo ni Nakonde, nchi ya Zambia, na Wanyamwanga wako pande zote mbili, kabila moja lililopitiwa na mstari katikati. Dereva wa lori aendaye Lusaka au Lubumbashi hukaa hapa siku mbili, tatu, wakati mwingine zaidi, akingoja karatasi zake.

Niruhusiwe kutunga mfano, maana walio hai siwezi kuwataja bila kuwatia hatarini. Tuseme dereva ametoka Dar es Salaam na shaba imngoje Kongo. Na tuseme kijana mmoja wa wakala wa forodha ndiye amshughulikiaye karatasi. Usiku ni mrefu, nyumba ya wageni ni ya bei nafuu, na wote wawili wanajua kuwa kesho lori litaondoka. Hawaulizani majina ya ukoo. Mwezi ujao inakuwa vilevile. Huu ndio mchezo, na mji mzima waweza kuuhisi bila ya kusema neno, kama unavyohisi na kunyamazia mengine mengi yatendekayo katika nyumba zilezile kati ya wanaume na wanawake.

Sasa tuseme siku moja dereva, kwa uchovu wa kusema uongo, anamweleza dada yake mkubwa kuwa hataoa, na kwa nini hataoa. Hakukusudia kumtaja mtu. Alikusudia kujieleza yeye mwenyewe basi. Lakini dada huyo, baada ya kunyamaza na baada ya kulia, anauliza swali ambalo dada yeyote huuliza: je, yuko mtu? Na huyo mtu ni wa wapi? Ana wazazi? Dereva anajikuta hana jibu, naye anaona haya ya kukosa jibu kuliko haya ya jambo lenyewe. Safari ifuatayo anauliza. Anaambiwa kuwa mwenziwe ni mtu wa Mbozi, kwamba mama yake ana shamba la kahawa, kwamba mdogo wake anasomeshwa na huu mshahara wa uwakala. Akirudi Dar es Salaam anayo ya kusimulia. Na kwa kuwa atasimulia tena mwezi ujao, hawezi tena kuja na mtu mwingine mdomoni. Mchezo umekwisha kuwa kitu kingine, wala hapana hata mmoja kati ya hao wawili aliyekuwa amekitaka.

Nimeurefusha mfano huu kwa sababu moja. Pendo haliishi kwa moyo wa watu wawili tu. Pendo la mume na mke hatuliachi lisimame peke yake hata siku moja. Tunaliwekea washenga, mahari, wazee, kadi za michango, kamati ya harusi, na shangazi wa kuuliza kila Krismasi na kila Idi kama mambo ni mazuri. Ndoa nyingi tunazozisifu hushikiliwa na maswali ya shangazi kuliko na mapenzi. Ondoa hayo yote: mwambie kijana na msichana wasionekane pamoja, wasitajane kwa jina, wasipokee simu mbele ya watu, kila mmoja akubali kuwa akishikwa atakana, kisha ngoja miaka mitatu, uhesabu waliobaki. Hao watakaotoweka, je, tutasema kuwa kwa maumbile yao hawakujua kupenda?

Mpinzani wangu atajibu kuwa sheria na ada hukataza tendo, wala hazina habari na pendo. Na tuivuke Ileje, tuvuke Mto Songwe (mkoa una mito miwili ya jina hilo, huu nisemao ni ule uendao Ziwa Nyasa), tuingie Malawi. Mwishoni mwa Desemba 2009, mjini Blantyre, Steven Monjeza na Tiwonge Chimbalanga walifanya sherehe ya uchumba hadharani. Hapana aliyewafumania kitandani. Gazeti liliandika habari za sherehe, na kabla ya mwaka kwisha walikuwa rumande. Mei 2010 walihukumiwa miaka 14 na kazi ngumu, adhabu ya juu kabisa, na hakimu alieleza kuwa aliitoa ili watu wengine wasivutwe kuiga mfano wao. Mfano gani? Wangapi katika mji wa Blantyre walikuwa wakitenda yaleyale gizani usiku uleule bila ya kusumbuliwa? Mfano uliotisha ulikuwa nguo za sherehe na wageni waalikwa. Rais Bingu wa Mutharika aliwasamehe tarehe 29 ya mwezi uleule, Katibu Mkuu wa Umoja wa Mataifa akiwa mgeni wake.

Insafu inanilazimu kuongeza mambo mawili. Chimbalanga mwenyewe alijihesabu kuwa mwanamke, na wengi walioandika habari zake, kwa wema au kwa ubaya, hawakutaka kumsikia. Tena, muda mfupi baada ya msamaha, Monjeza alimwacha akaenda kwa mwanamke mwingine, na Chimbalanga akaishia uhamishoni Afrika ya Kusini. Najua furaha itakayompata mpinzani wangu hapa. Nami namwuliza: achukue wachumba wowote awapendao, waliobarikiwa na kila kanisa na kila msikiti, awaweke gerezani miezi mitano huku magazeti ya dunia yakiwapiga picha mlangoni, kisha aniletee habari zao.

Wala sifichi kesi inayonipinga. Reli ya TAZARA, ile ya kilomita 1,860 ipitayo Tunduma, huishia Kapiri Mposhi nchini Zambia. Katika mji huo wanaume wawili walikamatwa mwaka 2017 katika nyumba ya wageni, baada ya mfanyakazi kuwachungulia dirishani, na Novemba 2019 Mahakama Kuu ya Lusaka iliwahukumu miaka 15 kila mmoja. Balozi wa Marekani alipolalamika, serikali ilimkataa, naye akaondoka nchini. Mei 2020 wafungwa wale walitoka kwa msamaha wa Rais Lungu, pamoja na maelfu ya wengine. Hapa hapakuwa na sherehe wala ahadi iliyotangazwa. Basi mchezo nao hauna amani kamili. Huachiliwa mpaka apatikane mchunguliaji. Nakubali. Lakini apatikane kwanza. Ilhali aliyejitaja mwenyewe hangojei mchunguliaji.

Sheria yetu wenyewe yafaa isomwe kwa macho, isisikiwe kwa uvumi. Iliingia Tanganyika katika Kanuni ya Adhabu ya mwaka 1930, iliyotungwa na Waingereza. Na Waingereza hao waliacha kuwafunga watu wazima wao kwa kosa hilo, katika Uingereza na Wales, mwaka 1967. Sisi mwaka 1998 tuliiongezea ukali, ikafika kifungo cha maisha, na si chini ya miaka 30. Maneno yake hayataji wanaume wawili peke yao. Yanataja kumwingilia mtu yeyote kinyume cha maumbile, na mume na mkewe wamo. Nani amesikia msako wa wenye ndoa? Oktoba 2018 Paul Makonda, wakati huo mkuu wa Mkoa wa Dar es Salaam, aliwataka wananchi wapeleke majina ya mashoga, na serikali ikatamka siku chache baadaye kuwa hayo yalikuwa maoni yake mwenyewe. Yaliyotakiwa yalikuwa majina. Tangu hapo kila dada wa dereva wangu wa kutunga anajua kwa nini nduguye hakumwambia mapema.

Kenya hali ni hiyohiyo kwa sura nyingine. Binyavanga Wainaina alijieleza Januari 2014, katika makala aliyomwandikia mamaye aliyekwisha kufa, na mwaka 2018 akatangaza kuwa ataoana na mpenziwe. Mauti yalimkuta Mei 2019. Miaka miwili baadaye bodi ya filamu ya nchi hiyo iliipiga marufuku filamu ya I Am Samuel, iliyotengenezwa na Peter Murimi, habari za kweli za kijana wa shamba na mpenzi wake na baba yake mhubiri. Sababu iliyotolewa haikuwa uchi. Ilisemwa kuwa filamu inaonyesha ndoa za namna hiyo kama maisha ya kukubalika.

Nimalizie na jambo lituhusulo sisi wa lugha. Kiswahili hakina kinyongo katika jambo hili. Dereva aweza kukaa Tunduma akasema, "Mpenzi wangu yuko Nakonde, ananingoja," na hapana kiambishi kitakachomsaliti. "Mpenzi" na "mwenzi" na "yeye" ni vya ngeli ya watu, na ngeli hiyo haiulizi zaidi. Uhaba uko kwetu watumiaji. Tukitaka kumtaja mtu huyu twachukua hanithi, msenge, basha, majina ya viungo na ya mikao, au twalichukua neno shoga, ambalo mwambao mzima wanawake huitana kwalo kwa mapenzi, tukaligeuza tusi. Wanaotunga hadithi nao wamefuata njia hiyo. Katika vitabu vya Kiswahili nilivyovisoma, mwanamume wa namna hii huingia kwa mlango wa kichekesho au wa maradhi, na huondolewa kabla kitabu hakijafika mwisho. Kile ambacho humo anabaki, akiwa na mpenzi mwenye jina na kazi na mama, sijakisoma.