Damu ni Yetu, Fedha ni za Wenyewe

Walimu wa sayansi wa Likoni, Kisauni na Changamwe hunitumia mara kwa mara wanafunzi wao hodari waje kuniuliza kuhusu kazi yangu. Mimi ni mtafiti wa chuo kikuu katika elimu ya kinga ya mwili, fani inayochunguza namna mwili unavyojihami dhidi ya maradhi, na ambayo juu yake hujengwa sayansi ya chanjo. Wengi wa vijana hao hudhani kazi hii hufanywa Ulaya tu. Hilo si kweli, nami huanza kwa kulikanusha. Jambo la pili ninalowaeleza ni zito zaidi.

Ikumbukwe kwamba Pwani imo katika utafiti huu tangu zamani. Kilomita zipatazo 60 kutoka kisiwani Mombasa, ukiisha kupita Kisauni na Mtwapa, upo mji wa Kilifi, ambako Taasisi ya Utafiti wa Kimatibabu (KEMRI) na shirika la Wellcome la Uingereza walianzisha kituo chao mwaka 1989. Watoto wa Kilifi walikuwa miongoni mwa zaidi ya 15,000 wa nchi 7 za Afrika walioshiriki majaribio makubwa ya chanjo ya malaria iitwayo RTS,S kati ya 2009 na 2014. Wengine walishiriki majaribio ya chanjo ya pili, R21. Shirika la Afya Duniani lilipendekeza ya kwanza itumiwe mwezi Oktoba 2021, na ya pili Oktoba 2023.

Lakini utafiti unaonisisimua zaidi ni mwingine. Kati ya 2016 na 2018, watu wazima zaidi ya 100 walikubali kudungwa vimelea hai vya malaria huko Kilifi, wakichunguzwa na madaktari kila siku, ili ijulikane kwa nini aliyekulia penye mbu wengi huugua kidogo au haugui kabisa. Baadhi yao waliugua upesi. Wengine vimelea vilishindwa kuzaliana mwilini mwao. Tofauti hiyo ndiyo hazina. Ndani ya damu ya yule asiyeugua mna kingamwili, yaani silaha ambazo mwili umejitengenezea wenyewe, na mtafiti akijua zinashambulia sehemu gani ya kimelea, amepata pa kuanzia chanjo. Profesa Faith Osier, Mkenya aliyelifuatilia swali hili Kilifi kwa miaka mingi, alikuwa Mwafrika wa kwanza kuongoza muungano wa kimataifa wa vyama vya wataalamu wa kinga ya mwili.

Nako Changamwe je? Katika miaka ya 1990, watafiti wa Chuo Kikuu cha Nairobi na wenzao wa Chuo Kikuu cha Washington, Marekani, waliwafuatilia wafanyakazi wa kampuni za malori za Mombasa, watu wa kazi ile ile tunayoiona kwenye misafara ya Changamwe ielekeayo Nairobi na Kampala. Wanaume 746 wasio na virusi vya Ukimwi walipimwa mara kwa mara. Matokeo yaliyochapishwa 1999 yalionyesha kwamba hatari ya kuambukizwa ilikuwa takriban mara 4 kwa wasiotahiriwa. Majaribio yaliyofuata, likiwemo la Kisumu, yalithibitisha kuwa tohara huwapunguzia wanaume hatari hiyo, na mwaka 2007 Shirika la Afya Duniani likaishauri. Haikuwa chanjo, lakini ushauri ule una jasho la madereva na utingo wa Mombasa.

Wazee wetu walituonya kuhusu mumiani, mnyonya damu wa usiku, na mpaka leo mtafiti mwenye sindano hushukiwa kuwa ndiye. Siwapendi wanasayansi wanaoucheka uvumi huu. Anayetolewa damu ana haki ya kuuliza inakwenda wapi na nani atafaidika.

Maabara za Kilifi ni nzuri. Hata hivyo RTS,S ilibuniwa Ubelgiji na Marekani. R21 ilibuniwa Oxford na hutengenezwa India. Fedha nazo ni za wenyewe, na mtegemea cha nduguye hufa maskini. Mapema mwaka 2025, Marekani iliposimamisha misaada yake, mradi wa BRILLIANT, uliowakusanya wanasayansi wa nchi kadhaa za Afrika kutafuta chanjo ya Ukimwi chini ya uongozi wa Afrika Kusini, ulisimama ukiwa karibu kuanza majaribio. Wanasayansi wale hawakuwa wamekosea hata hesabu moja. Mimi mwenyewe nimeishi miaka mingi kwa mikataba ya mwaka mmoja mmoja, nikiajiriwa na miradi ambayo maswali yake yameandikwa na mlipaji.

Na hili ndilo lile jambo zito. Sheria ya Sayansi, Teknolojia na Ubunifu ya 2013 inataka asilimia 2 ya pato la taifa itengewe utafiti. Lengo hilo halijapata kufikiwa. Serikali iliunda taasisi ya BioVax mwaka 2021 ili chanjo zitengenezwe nchini, hatua ninayoiunga mkono kwa dhati. Lakini kiwanda kisichokuwa na watafiti kitabaki kufungasha uvumbuzi wa wengine.

Kwa hiyo vijana huwaambia wasome baiolojia, kemia na hasa hisabati, ambayo wengi huikimbia. Walimu nao nawaomba kitu kingine. Bajeti husomwa kila mwezi wa Juni, na wabunge wa Likoni, Kisauni na Changamwe huipigia kura. Waalikeni shuleni kabla ya siku hiyo, mbele ya wanafunzi, muwaulize asilimia 2 iko wapi.