Chupa ya soda hurudi dukani, chupa ya dawa ya pamba je?

MWADUI – Tangu Dk. John Williamson alipogundua almasi hapa mwaka 1940, jina la Mwadui limetajwa sokoni kwa sababu ya mgodi. Hata hivyo, nje ya uzio wa mgodi huo wananchi wengi wa Kishapu ni wakulima, na zao lao la fedha ni pamba. Msimu wa ununuzi ukifika, mazungumzo huwa ni bei ya kilo, mzani na fedha taslimu. Ipo gharama nyingine isiyoandikwa katika daftari lolote, nayo hulipwa na mtoto.

Pamba ni zao linaloshambuliwa sana na wadudu, na bila dawa mavuno hushuka. Kwa miaka mingi mkulima alitegemea DDT, kisha endosalfani. Mkataba wa Stockholm, ambao Tanzania ni mwanachama wake, ulianza kutumika mwaka 2004. DDT ilibakizwa hasa kwa ajili ya kupambana na wadudu waenezao magonjwa, kama mbu wa malaria, na mwaka 2011 endosalfani nayo ikaingizwa katika orodha ya kemikali za kuondolewa.

Tatizo la kemikali hizi si ukali wake pekee. Huingia mwilini na kujifanya homoni, mithili ya ufunguo bandia unaofungua kufuli la mwenye nyumba. Mimba na mtoto mchanga ndio walio hatarini zaidi, kwa kuwa viungo vyao bado vinajengwa. Katika Ziwa Apopka, Florida, ambako kemikali za jamii ya DDT zilimwagika kutoka kiwandani mwaka 1980, watafiti waliwakuta mamba wadogo wakiwa na homoni zilizovurugika na viungo vya uzazi vyenye kasoro. Athari hiyo ilianzia ndani ya yai.

Aidha, mabaki ya DDT hudumu udongoni kwa miaka mingi, hujikusanya katika mafuta ya mwili na kumfikia mtoto kupitia kondo na maziwa ya mama. Hiyo si sababu ya kuacha kunyonyesha, kwani faida ya maziwa ya mama bado ni kubwa. Ni sababu ya kuizuia sumu kabla haijamfikia mama.

Hapo ndipo mfanyabiashara anapohusika. Dawa za leo si zile za zamani, lakini chupa zake bado huoshwa na kuwekwa mafuta ya taa, mafuta ya kula, hata maziwa. Chupa ya namna hiyo haisafishiki. Anayeiuza gulioni anapata shilingi chache, na anayeinunua anaipeleka jikoni, mahali alipo mjamzito na mtoto.

Ufumbuzi wake unafahamika kwa kila mwenye duka. Kreti la soda halitoki bila chupa tupu kurudi au amana kulipwa. Kama kampuni ya vinywaji inaweza kuifuatilia chupa ya soda hadi kijijini, wenye vinu vya kuchambua pamba na wasambazaji wa pembejeo hawana udhuru. Amana iongezwe katika bei ya dawa, mkulima arudishiwe siku anayoleta pamba mzanini, na chupa itobolewe papo hapo.

Wapo watakaosema kuwa soko halilipii usafi. Meatu inawajibu. Tangu mwaka 1994 mradi wa bioRe umekuwa ukinunua huko pamba inayolimwa bila dawa za viwandani, kwa bei ya nyongeza, na kuiuza Ulaya. Mnunuzi wa aina hiyo yupo.

Mwenye mtaji katika pamba anahesabu msimu mmoja mmoja. Mtoto anayezaliwa Kishapu mwaka huu ndiye mkulima wa miaka 20 ijayo, na afya yake ni sehemu ya mtaji huo.