Kompyuta iliyovikwa kitambaa



Wenye umri mkubwa watakumbuka kwamba mwaka 1974 Serikali yetu ilipiga marufuku kuingiza kompyuta nchini, na televisheni vilevile. Kwa hiyo zilipoanza kuonekana majumbani, kwa wengi baada ya mwaka 2000, zilipokewa kama mgeni wa heshima. Ziliwekwa sebuleni, zikavikwa kitambaa cha kufuma, na baba akatunza waya wa umeme chumbani kwake. Siibezi heshima ile. Mtumishi wa kawaida alijinyima miezi mingi kununua hata iliyokwisha kutumika Ulaya.

Mama mmoja parokiani ameniruhusu niandike habari zake. Kwao kompyuta ilifika mwaka 2001. Kaka zake wawili walifundishwa kuiwasha, kuandika, kuhifadhi kazi kwenye disketi na, tuseme kweli, kucheza karata. Yeye, binti wa pekee, alipewa kitambaa. Kila asubuhi alifuta vumbi kwenye kioo na kibodi, akaifunika tena. Miaka minne alifuta vitufe ambavyo hakuruhusiwa kuvibonyeza, eti wasichana wataiharibu.

Leo maombi ya kazi serikalini na ya mikopo ya elimu ya juu hupitia mtandaoni. Mama huyu huenda stesheni, humlipa kijana amjazie fomu, na humwachia hata nywila yake. Hana namna.

Sisi mapadre tukihubiri mfano wa talanta (Mt 25:14-30), humkemea mtumishi aliyefukia talanta yake ardhini. Ni haki. Lakini mtumishi yule alifukia kwa mikono yake mwenyewe, naye hata hivyo akaulizwa. Je, mzazi anayefukia ya mwanawe atajibu nini?

Usiniambie mambo hayo yamepita. Natembelea jumuiya ndogo ndogo. Nakuta simu moja ya mtandao nyumbani, kaka anaishika tangu jioni, dada yuko jikoni na vyombo. Wote wawili wana mtihani Novemba. Baba na mama, hilo halihitaji fedha wala fundi. Gawaneni vyombo, gawaneni saa za simu, kuanzia leo mkitoka Misa.

Kuhusu mama yule, Jumamosi huja ofisi ya parokia na binti yake wa darasa la sita. Mtoto ndiye anayefundisha. Wiki iliyopita walibishana sana juu ya nywila mpya.