Mpiga Ngoma Ndani ya Sanduku



Zamani kambini kukiwa na sherehe ilikuja bendi: wapiga magitaa, mpiga besi, mpiga ngoma, tarumbeta mbili na waimbaji. Leo anakuja kijana mmoja na kompyuta ya mkononi na spika mbili, na muziki unalia hadi usiku wa manane. Wenzetu wengine wanasema kompyuta imeua muziki. Sisi hatukubaliani nao. Wala hatukubaliani na wale wanaosema haya ni maendeleo tu, mpiga tarumbeta akatafute kazi nyingine. Tunauliza lile swali linaloulizwa kiwandani kila mtambo mpya unapoteremshwa kwenye lori: faida inakwenda kwa nani?

Tuanze na mashine ya ngoma. Mwaka 1980 Mmarekani Roger Linn alianza kuuza mashine iitwayo LM-1. Mashine za kabla yake zilijitungia sauti kwa umeme, na mtu yeyote mwenye masikio alijua kwamba hiyo si ngoma. LM-1 ilikuwa kitu kingine. Ngoma halisi zilipigwa na mtu halisi, kila pigo likarekodiwa, likageuzwa kuwa tarakimu na kuhifadhiwa ndani ya mashine. Ukibonyeza kitufe, pigo la mtu yule linalia. Litalia mara moja au mara milioni, halitaomba chai wala kudai malipo ya saa za ziada.

Bei yake ilikuwa karibu dola 5,000, na zilitengenezwa mamia tu, kwa hiyo mwanzoni ilikuwa mali ya studio kubwa na wanamuziki matajiri. Lakini njia ilikwisha funguliwa. Ujuzi wa mfanyakazi ulikuwa umetolewa mikononi mwake na kutiwa sandukuni.

Mwaka 1983 kikafuata kitu cha namna nyingine. Dave Smith wa Marekani na Ikutaro Kakehashi wa Japani, waliokuwa wakishindana katika biashara ya vinanda vya umeme, walikubaliana kuwe na lugha moja ya vyombo vyote, hata vikiwa vya makampuni mbalimbali. Lugha hiyo ni MIDI. Haibebi sauti hata kidogo. Inabeba amri tu, kama karatasi ya nyapara: bonyeza sauti hii, kwa nguvu hii, sasa achia. Kompyuta inaziweka amri hizo, inazipanga, na kuvipigisha vinanda kumi kwa pamoja. Wenye lugha hiyo hawakutoza makampuni ada ya kuitumia, na hadi leo kijana aliyenunua kinanda cha mitumba anaweza kukiunganisha na kompyuta bila kumwomba mtu ruhusa. Tunalitaja jambo hili kwa makusudi, maana wapo wanaotuambia kwamba kila chombo kipya lazima kiwe na bwana wake.

Je, vyama vya wanamuziki vilifanya nini? Huko Uingereza, mwaka 1982, tawi la London ya kati la chama chao lilipitisha azimio la kutaka sinthesaiza na mashine za ngoma zipigwe marufuku. Hasira yao tunaielewa. Ni hasira ile ile iliyoonekana Kericho, Kenya, mwezi Mei 2023, mashine za kuchuma chai zilipochomwa moto. Lakini azimio la London halikuwa sera ya chama kizima, na vyombo viliendelea kuuzwa. Tena wapigaji wa sinthesaiza nao walikuwa wafanyakazi. Chama kinapompiga marufuku mfanyakazi mmoja ili kumwokoa mwingine, mwajiri hukaa pembeni akicheka.

Wanamuziki wa Marekani walikuwa wamekwisha jaribu njia nyingine, na ndiyo tunayotaka wasomaji wetu waifahamu. Tangu filamu zilipoanza kutoa sauti mwishoni mwa miaka ya 1920, maelfu ya wapigaji wa majumba ya sinema walipoteza kazi. Kisha redio na mashine za santuri za mabaa zikawa zinapiga sahani badala ya kuajiri bendi. Mwanamuziki alikuwa akirekodi leo kitu kitakachomfukuza kazi kesho. Tarehe 1 Agosti 1942 chama chao, chini ya James Petrillo, kiliwaamuru wanachama wasiingie studio kurekodi sahani za kuuza. Vita Kuu vilikuwa vinaendelea, na mwaka 1944 Rais Roosevelt mwenyewe alimtaka Petrillo ausimamishe mgomo. Petrillo alikataa.

Hakudai sahani zivunjwe. Alidai kwamba kwa kila sahani inayouzwa, kampuni itoe kiasi kidogo cha fedha kwenye mfuko, na mfuko huo uwalipe wanamuziki wasio na kazi wapige muziki wa bure kwa wananchi. Kampuni ya Decca ilitia sahihi mwaka 1943. Makampuni mawili makubwa yaliyobaki yalisalimu amri Novemba 1944. Sheria ya mwaka 1947 ilipokikataza chama kuusimamia mfuko wenyewe, wakagoma tena mwaka 1948 mpaka ukawekwa chini ya msimamizi wa kujitegemea. Mfuko huo upo hadi leo.

Tusifiche hasara yake. Waimbaji hawakuwa wanachama, kwa hiyo makampuni yaliwarekodi na kwaya bila chombo chochote. Mgomo ulipokwisha, mwimbaji alikuwa bwana na bendi imesukumwa nyuma yake. Waliosahauliwa nje ya mlango wa chama ndio waliotumiwa kuuvunja mgomo.

Wengi mnaikumbuka NUTA Jazz ya Tanzania, iliyoanzishwa mwaka 1964 na chama cha wafanyakazi, ikawa JUWATA Jazz, kisha OTTU Jazz, na sasa ni Msondo Ngoma. Vyombo vilikuwa mali ya chama na mpigaji alikuwa na mshahara. Ni kweli kwamba aliyehama aliondoka mikono mitupu, gitaa likabaki. Lakini tumtazame kijana wetu wa kompyuta. Kompyuta kanunua kwa fedha zake, na ikiharibika ni shauri lake. Programu nyingine za kurekodia hukodishwa kwa mwezi: usipolipa, mlango unafungwa. Zipo za bure kama Audacity na LMMS, na REAPER ambayo mtu mwenye kipato kidogo huilipia dola 60, lakini ni nani aliyemfundisha? Analipwa kwa usiku mmoja, hana bima wala likizo. Amechukua nafasi ya watu wanane, na hapati hata mshahara wa wawili.

Na sasa sanduku limepanuka. Zipo programu zinazotunga wimbo mzima baada ya kulishwa nyimbo zilizorekodiwa na wanadamu. Juni 2024 makampuni makubwa ya muziki yalizishitaki mbili kati ya hizo mahakamani huko Marekani, na mwaka 2025 baadhi yao yakaanza kupatana nazo. Wakubwa wakipatana, mpiga ngoma anapata nini? Mwaka huo wa 2024 wanamuziki wa filamu wa Marekani walipata mkataba wenye vifungu vya kuwalinda dhidi ya programu za namna hiyo. Waliupata kwa sababu wana chama.

Kwa hiyo tunatoa pendekezo kwa matawi yetu. Kijana wa kompyuta akija kupiga sherehe ya kambi, aandikiwe mkataba kama fundi mwingine yeyote, wenye saa za kazi, malipo yake, na maneno kwamba atakachopiga hakitarekodiwa wala kuuzwa bila yeye kulipwa. Na kabla hajafunga waya zake, katibu wa tawi ampelekee fomu ya uanachama.